Mgeni Aliyeagiza Sombe Katika Salon ya Tamar

Tamar aliacha sombe yake ya majani ya muhogo motoni, akatoka jikoni na mwiko mkononi, akakuta mwanaume asiyemjua amekaa katika salon yake, pale sebuleni.

Kofia ameiweka juu ya meza. Miguu ameinyoosha. Ameegemea mto wa kitenge kama yuko kwao.

"Mama, uniletee ile sombe," akasema, hata hakugeuka. "Na chai. Sukari kidogo tu."

Jamani! Mchana kweupe, mjini Butembo, mlango wazi, mume yuko kazini!

Lakini tulieni kwanza. Mambo haya hayakuanza na huyo mwanaume. Yalianza na kuta.

Tamar ni mtoto wa mji wa Beni. Alipoolewa na Jéthro, mwalimu wa hesabu, alihamia Butembo, katika nyumba ya mbao kando ya barabara kubwa. Na nyumba yenyewe, mais vraiment, kwa kweli... Mbao zimegeuka kijivu. Simenti imepasuka. Ndani kuna viti viwili vya plastiki vinatazamana kama watu waliogombana.

Kila akipata nafasi, Tamar alikuwa anafungua simu na kutazama picha za nyumba za watu. Makochi meupe, vioo, mazulia yenye manyoya.

"Ile ni ya batu ya Kinshasa," Jéthro akamwambia akicheka. "Kochi mweupe hapa kwetu, vumbi itaikula kwa wiki moja."

Tamar alicheka naye, lakini ilimchoma. Wamama wa kanisa walikuwa wanataka kuja kumsalimia bibi arusi, naye kila mara anatafuta sababu ya kuahirisha. Angewakalisha wapi?

Siku moja, akitoka sokoni, alipita kwa seremala mmoja na kumkuta anawasha moto. Kuni zake ni vipande vya libuyu, mbao nyekundu yenye mistari mizuri kama maji yanayotembea.

Tamar akasimama.

"Papa, unachoma hii?"

"Sasa nifanye nayo nini? Ni mafupi, haitoshi hata mulango."

"Unipatie."

Seremala akamtazama, akacheka, akampatia. Tamar akajitwika mzigo mpaka nyumbani.

Basi hapo ndipo macho yake yalifunguka. Tangu siku ile hakuweza tena kupita mahali bila kutazama kilichotupwa!

Kwa washonaji aliokota vipande vya kitenge, vile vidogo ambavyo havitoshi hata kola, akavishona pamoja vikawa mito yenye rangi zote. Kwenye depo ya kahawa alipewa magunia yaliyotoboka. Aliyafua, akayanyoosha, akayapigilia misumari juu ya zile mbao za kijivu, na ukuta ukawa na rangi ya mkate. Alipokwenda Beni kumsalimia mama yake, alirudi na mikeka mikubwa ambayo kule kwao walikuwa wanaanikia mpunga. Mmoja akautandika chini, mwingine akauweka juu kama dari. Mabidoni, yale madumu ya mafuta, akayakata, akapanda maua ndani, akayapanga kwenye baraza. Vitunga, vikapu vilivyokuja na viazi, akavigeuza chini juu, akatia taa ndani, na mwanga ukawa unatoka kwenye matundu yake na kuchora nyota ukutani.

Jéthro naye akaingiwa na moto. Vile vipande vya libuyu akavigeuza benchi na meza. Benchi la kwanza lilimwangusha mwenyewe. La pili likasimama. Kisha akaleta tableau nyeusi ya darasani iliyovunjika upande, waliyokuwa wanaitupa shuleni, akaitundika karibu na mlango. Kila asubuhi aliandika kwa chaki chakula cha siku, maana walikuwa wanabishana sana juu ya nini kipikwe.

Siku ile alikuwa ameandika: LEO: SOMBE NA MAHARAGWE. KARIBU.

Sasa mnaelewa?

"Papa," Tamar akamwambia yule mgeni, "samahani. Hapa hapana resto, hatuuzi chakula. Ni nyumba ya batu."

Mwanaume akageuka. Akatazama taa. Akatazama mito. Akatazama mwiko. Kisha akaruka kama ameketi juu ya siafu.

"Ee Mungu wangu! Mama, unisamehe! Niliona baraza, maua, ile tableau... mi nikasema, tiens, Butembo balifungua kintu mupya!"

Wakatazamana. Halafu Tamar akashikwa na kicheko mpaka akakaa chini.

Alimpa sombe. Angefanya nini? Mgeni ameshaingia. Yeye ni Stanislas, dereva wa camion, lori la mizigo, kati ya Beni na Butembo. Jéthro aliporudi akamkuta hapo, wakala pamoja na kuwa marafiki.

Lakini Stanislas, jamani, ana mdomo. Na ana simu. Alipiga picha, akazituma kwa madereva wenzake. Wiki haikuisha, watu wakaanza kuingia. Wengine wamekosea kama yeye. Wengine wamekuja kushangaa taa tu. Tamar anakosa jinsi ya kuwafukuza, anawapa chai.

Maneno yakapanda milima mpaka Kipese, kwa mama mkwe wake, Mama Kanyere. Yalipofika kule yalikuwa yameshanenepa: "Mukamwana wako alifungua nganda mu nyumba ya mutoto wako. Banaume banashinda kwake."

Nganda! Baa! Na Mama Kanyere ni mama wa kanisa, hata harufu ya kasiksi, pombe ya ndizi, hataki kuisikia!

Akampigia Jéthro simu. Maneno yalikuwa machache. "Kesho niko kwenu. Ninakuya na shemasi. Kama ni kweli, ule mwanamuke atarudia kwabo Beni."

Tamar hakula. Asubuhi, Jéthro alipokwenda kuomba ruhusa shuleni, yeye alipanda juu ya benchi akaanza kushusha taa. Machozi yanamtoka. Akajisemea, afadhali viti viwili vya plastiki kuliko kuvunja ndoa.

Hajashusha hata ya pili, mlango ukafunikwa na kivuli.

Mama Kanyere. Nyuma yake Papa Ananie, shemasi, amevaa koti zito na uso mzito zaidi.

"Wacha ivyo," Mama Kanyere akasema. "Nione."

Akaingia. Akachukua kikombe mezani, akakinusa. Chai. Akachukua kingine. Chai. Akachungulia chini ya benchi akitafuta chupa. Hakuna. Papa Ananie akasoma tableau kwa sauti kama anasoma andiko: "Leo... biazi... na makayabu." Viazi na samaki wa chumvi, basi.

Kisha Mama Kanyere akainua macho, akaganda.

Katikati ya ukuta, peke yake, kulikuwa na kitunga kikubwa chenye mistari myeusi.

"Ile kitunga ni ile nilitumaka na biazi?"

"Ndiyo, mama."

"Kitunga ya biazi, unaitundika sawa foto ya marehemu?"

"Mama, ulisuka weye mwenyewe," Tamar akasema, akijifuta macho. "Nilitafuta kintu cha kuweka pale katikati. Sikuona kingine kizuri kupita ile."

Mama Kanyere alikwenda karibu, akapitisha kidole kwenye mistari, polepole. Miaka yote anasuka, na vitunga vyake vimebeba viazi, vimeoza, vimetupwa. Hakuna aliyewahi kusimama kuvitazama.

Wakati ule ule sauti ikatoka barazani. Mume, mke na mtoto mgongoni, wamechoka na safari.

"Hodi! Resto iko wazi?"

Tamar akafumba macho. Kwisha habari yangu, akasema moyoni.

Papa Ananie akakohoa, akijitayarisha kusema neno.

Mama Kanyere akamtangulia.

"Iko wazi. Mukae. Munataka chai kwanza?"

Halafu akamgeukia shemasi: "Papa Ananie, utoe koti. Biazi haitajimenya yenyewe."

Na Papa Ananie, haki ya Mungu, akatoa koti.

Jéthro alirudi mbio, anahema, tayari kumtetea mke wake. Akamkuta mama yake anabeba sahani, na shemasi ana kisu mkononi na maganda mpaka magotini.

Leo baraza ile ni resto ya kweli, na wamama wa kanisa ndio wa kwanza kujaza mabenchi. Vitunga vinatoka Kipese, wateja wanavinunua wakiwa bado wanakula. Tamar anaitwa mpaka Beni kupamba nyumba za watu. Na mkimuuliza Mama Kanyere, hana aibu hata kidogo. "Ule mutoto? Mimi ndiyo nilimufundisha."

Tamar anamwacha aseme.

Wewe unayesoma huku roho inakuuma kwa sababu ya salon za kwenye simu, funga simu kidogo. Zunguka mtaa wako, tazama kile watu wanachoma na kutupa. Na ukikuta kitu kizuri, muulize aliyekitengeneza jina lake. Huenda anakaa kwenu, na anangoja tu mtu mmoja amtundikie kazi yake ukutani.