Chumvi Iko kwa Mama Mpishi

Mchana mmoja wiki hii nilikuwa nakula kwenye hoteli ya karibu na soko, hapa Bagamoyo. Kijana aliyetoka kwenye somo la afya kuhusu chumvi na presha aliletewa wali na samaki. Kabla hajaonja, mkono ukaanza kutafuta chumvi mezani.

“Chumvi iko wapi?”

“Nimemkabidhi mama mpishi,” alijibu bibi afya aliyewafundisha asubuhi, aliyekaa naye meza moja, huku akiendelea kula. “Nenda jikoni kamwambie chakula chake hakijakolea.”

Mama mpishi alikuwa mlangoni, upawa mkononi. Kijana alimtazama, akavuta sahani.

“Kimekolea, mama,” akasema, naye bado hajaonja.

Bibi afya yule anatujua watu wa pwani. Presha kijana wetu ataiogopa akizeeka. Kumwambia mama wa watu kuwa chakula chake ni chapwa, anaogopa leo.