Gari Jeusi la Kwa Aboud

Harufu ya ubani huwakumbusha wenzangu harusi, au maiti, au mgeni mwenye heshima zake. Mimi hunikumbusha gari. Nikiisikia tu, hasa ikichanganyika na joto la plastiki ya televisheni iliyowaka tangu asubuhi, vidole gumba vyangu huanza kuwasha na hasira ya zamani hunipanda upya. Msinicheke. Ngojeni niwaeleze.

Mtaani kwetu Malindi, ule upande wa mji wa kale, kulikuwa na chumba cha gemu cha Kaka Aboud. Zamani kilikuwa stoo ya mamake, Bi Rukia, aliyekuwa akikaanga viazi karai pale barazani. Kwa hivyo padi za kuchezea zote zilinuka bizari na pilipili, na mtu akijisahau akajifikicha jicho katikati ya mbio, basi, mbio zake zimekwisha. Mimi nilifikishwa pale na kaka yangu Faraj. Mama alimwagiza anichukue chuoni, kwa mwalimu wetu wa Kurani, kila alasiri anirudishe nyumbani, naye njia yake ya nyumbani ilipitia kwa Aboud. Nikawa nakaa juu ya kreti la soda pembeni, juzuu yangu mapajani, natazama.

Gemu lenyewe lilikuwa la mashindano ya magari. Unaanza na kigari duni kinachokohoa, ukishinda unapewa kilicho bora, ukishinda tena unapanda. Wavulana walipokezana padi tangu likizo ianze mpaka wakalipata gari la mwisho: jeusi, limelala chini kama paka anayenyemelea, na hapakuwa na lililolikaribia kwa kasi. Lakini kulipata hakukuwa kulimiliki. Ilibidi ushinde nalo mbio moja za milimani, peke yako dhidi ya mashine. Hapo ndipo skrini ingekuomba jina lako, gari likawa lako, na kila atakayeliendesha baadaye angeliona jina hilo kwanza. Hilo jina ndilo lililonikosesha raha. Nililitaka liwe langu.

Hakuna aliyeweza. Kona ya kwanza, ukutani. Aliyeponea hapo, kona ya pili, bondeni. Mbwana, aliyekuwa bingwa wa chumba kile, akatangaza kwamba gari lina jini, na hakuna aliyecheka. Kesho yake Aboud akaazima chetezo cha mamake, televisheni ikafukizwa ubani kama bibi harusi, na Mbwana akasoma yote aliyoyahifadhi chuoni, akaipulizia padi. Kisha akaketi, akalitia gari moto, akaenda nalo moja kwa moja ukutani.

"Jini kaidi hili," Faraj akasema.

Jini! Mimi na kreti langu tulikuwa tumeshalijua jini lenyewe. Chumba kile kilikuwa na sheria yake, na sheria ilikuwa hii: mwanamume hafungi breki. Ukifunga breki chumba kizima kinapiga kelele, "Mwanamke huyo! Mpishe mwenzako!" nawe unatoa padi, hata kama ulikuwa unaongoza. Kwa vile vigari vya mwanzo sheria haikuwa na madhara, maana vilikuwa vizito na vya polepole, unajigonga kidogo na safari inaendelea. Gari jeusi halikutaka ubishi. Kona zile zilitaka breki, na wao walikuwa radhi watumbukie bondeni kutwa kuliko kuitwa wanawake. Nami nikawaza: mimi je, wataniita nini?

Nilipoomba zamu walicheka. Faraj alinitolea macho. "Zena, kaa chini. Baba akisikia hata kwamba unaingia humu, tumekwisha sote wawili." Na kweli, Baba alikuwa mkali. Alikuwa akisema jina la mtoto wa kike halitupwi njiani kila apitaye akaliokota.

Basi nikangoja Ijumaa. Adhana ilipolia, wavulana wote wakashika njia ya msikitini, na Aboud pamoja nao, chumba kikabaki na Bi Rukia peke yake.

"Shikamoo, Bi Rukia."

"Marahaba, mwanangu. Faraj kakusahau?"

"La. Nataka kucheza."

Aliuinua upawa, mafuta yakitona. "Mashine ni ya Aboud," akasema. "Lakini televisheni ni yangu, na bili ya stima nailipa mimi. Ingia. Sauti uipunguze tu, watu wanasikiliza hotuba."

Wanaonijua hupenda kusema kwamba nililiweza gari lile kwa sababu ya jikoni, eti mtoto wa kike amezoea kupunguza moto tui lisikatike. La hasha! Msinipikie hadithi. Nilijifunza kwa kugonga ukuta. Niliugonga Ijumaa ile mpaka vidole vikafura, nikaugonga Ijumaa zilizofuata. Nikagundua kwamba breki peke yake haitoshi. Ukiifunga ndani ya kona, mkia wa gari unakuzunguka. Unaifunga mapema, barabara ingali imenyooka na mwili wako wote unakwambia kanyaga. Unaligeuza taratibu, na kona ikianza kufunguka ndipo unalikanyagia mafuta yote. Siku niliyoipata kona ya kwanza nilipiga ukelele, Bi Rukia akaja mbio akidhani nimerushwa na stima.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, alasiri moja chumba kimefurika, Mbwana akaingia bondeni kwa mara nyingine na kuibwaga padi sakafuni. Nikashuka kwenye kreti, nikaiokota, nikaketi. Sikuomba ruhusa.

"We! Zena!" Faraj akasimama.

"Mwacheni," Bi Rukia akasema kutoka barazani. "Si mmesema lina jini? Basi mnaogopa nini?"

Kabla ya kona ya kwanza nikafunga breki. Chumba kikalipuka. "Mwanamke huyo! Toa padi! Mpishe mwenzako!"

"Ndiyo, mwanamke," nikasema, macho yangu kwenye skrini. "Sasa?"

Nikaitoka kona gari liko katikati ya barabara. Kelele zikapungua. Kufika zile kona za juu mlimani nasikia hata viazi vikichemka kwenye mafuta huko nje. Nikavuka mstari, mashine iko nyuma yangu, na skrini ikaniomba jina.

Mkono wa Faraj ukatua juu ya mkono wangu. "Nipe niandike langu," akaninong'oneza. "Upesi, Zena."

Ndugu yangu wa tumbo moja! Nikamchapa kiwiko cha mbavu. Nikaliandika jina langu herufi baada ya herufi, ZENA, nikalifunga.

Mbwana akasema ushindi wangu hauhesabiki kwa kuwa nilifunga breki. Haikunishughulisha, mashine ilikuwa imeshahesabu. Kilichonipata ni kwamba muuza samaki mmoja alimpongeza Baba sokoni kwa kupata binti dereva. Baba alirudi na samaki, tabasamu hana. Akanipiga marufuku nisikanyage ndani kwa Aboud, kisha akaniuliza kama najuta. Nikamwambia sijuti. Tangu siku ile Mama akawa ananifuata chuoni mwenyewe.

Baada ya miezi kadhaa nilitumwa viazi kwa Bi Rukia. Nikiwa barazani nikasikia sauti ya Mbwana kutoka ndani, anamkaripia mwenzake: "Funga breki, we! Kabla ya kona! Hujui alivyofanya Zena?" Bi Rukia akaniongezea viazi. Mnadhani nilifurahi? Nilifurahi kidogo, na nilikasirika sana. Mwendo wangu umo ndani, mimi niko nje na sahani.

Miaka yote niliamini kwamba Faraj alitaka kuniibia ushindi wangu. Juzi, siku ya harusi ya binamu yetu, tukiwa uani na ubani unafuka, nikamwita mwizi wa magari kwa utani wenye miiba. Hakucheka.

"Sikulitaka gari, Zena," akasema. "Nilijua Baba atasikia. Lingekuwa jina langu, ungeendelea kucheza."

Wallahi sikuwahi kuliwaza hilo. Alikuwa mtoto kama mimi, na aliogopa kwa ajili yangu. Na ni kweli, ningecheza kila Ijumaa, bingwa wa Malindi nzima, na gari langu likiitwa Faraj. Ukubwani nimekutana na wengi walionionea huruma namna ile ile, kazini na hata nyumbani, watu wema watupu, kila mmoja anataka kunificha nyuma ya jina lake ili nisidhurike.

Nikamshika mkono. "Ahsante, kaka," nikamwambia. "Lakini jaribu kunirudisha kwenye lile kreti leo hii, nitakuchapa kiwiko tena."

Faraj akajishika ubavu, akasogea kando, akanipisha.