Mbegu ya Mama Kulwa

Mwanangu, nakumbuka safari iliyonifikisha Madibira. Ilinitoa Shinyanga, ikanilaza Dodoma, ikanipitisha Iringa na kunishusha Mafinga kwenye baridi nikiwa na shati jepesi. Kutoka hapo nikapata lori lililokuwa likifuata mpunga. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na ujuzi wa kuandika programu niliojifunza mwenyewe. Nikadhani inatosha.

Mwenye ghala la mpunga alinipa kazi, nikamwandikia programu ya kukaa ndani ya kompyuta moja. Karani wake, Tumaini, akifungua jina la mkulima, programu ilimkumbuka huyo mpaka afungue mwingine. Akibonyeza "koboa", fundi wa mashine alipata agizo, naye akapeleka magunia ya mkulima huyo kinuni. Misimu ikapita bila kosa.

Kisha tajiri wangu akafungua duka Mwanjelwa, Mbeya mjini, akataka programu iwe kwenye intaneti, ifunguke huku na kule. Nikaihamisha kama ilivyo. Nikaijaribu peke yangu, ikafanya kazi vizuri. Peke yangu, mwanangu.

Muda si mrefu, nikiwa pale dukani, akaingia Mama Kulwa. Ni Msukuma wa kwetu, familia yake ilihamia bonde la Usangu na ng'ombe, baadaye wakaanza kulima. Mpunga wake wa mbegu ulikuwa ghalani Madibira.

"We kijana, mbegu yangu ipo salama?"

"Ipo, mama. Ngoja nikuonyeshe."

Nikafungua jina lake. Ilikuwepo. Akanitania kwamba mji umenikondesha, nioe haraka. Nilipotazama tena kioo, mbele ya jina lake palikuwa pameandikwa: inakobolewa.

Unajua mpunga ukishakobolewa ni mchele. Unapikwa, hauoti tena. Nikampigia Tumaini. Simu ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Kwa kelele za kinu kile, nani angesikia?

"Kuna nini?" Mama Kulwa akauliza.

Nikamwambia. Akainama, akasoma kioo mwenyewe.

"Wewe mtoto wa Kisukuma, kwenu siku hizi mnapanda mchele?"

Hatimaye Tumaini akapokea.

"Zima kinu!"

"Kaka, si mzigo wa mfanyabiashara huu? Nimemfungua mwenyewe."

"Zima, dada! Zima!"

Walizima, lakini sehemu kubwa ilikuwa imeshapita. Tajiri akamtafutia Mama Kulwa mbegu nyingine. Aliipokea, akasema si ile ya mama yake. Msimu ule shamba lake lilipandwa mbegu za aina mbili, iliyosalia na ya tajiri, na kila nilipopita pale nilitazama upande mwingine.

Kosa lilikuwa hili. Tumaini alimfungua mfanyabiashara aliyetaka mpunga wake ukobolewe, nami kule Mwanjelwa nikamfungua Mama Kulwa ili tu nimtoe wasiwasi. Programu ilikuwa na mahali pamoja pa kumkumbuka mkulima aliyefunguliwa, nasi sote tulikuwa tunaandika hapo hapo. Jina nililofungua mimi likafuta alilofungua Tumaini, naye akabonyeza "koboa", agizo likatoka kwa jina la Mama Kulwa.

Nilirekebisha, nikakaa mpaka wakaacha kuiogopa. Lakini mimi sikuacha. Kila simu ilipolia nilidhani ni kinu tena, basi nikafunga begi. Asubuhi niliyoondoka Madibira moja kwa moja, nilimwachia kijana aliyeshika nafasi yangu maneno haya, nawe nakupa.

Programu ya mezani, ya kompyuta moja, inaishi na mtu mmoja, ya mtandaoni inahudumia wengi kwa pamoja. Usiweke mambo ya mtu mahali wanapofika wote. Kila anayeingia apewe kikao chake, yaani mahali pake mwenyewe pa kukumbukia kazi yake. Na kwa kuwa mtu mmoja anaweza kufungua madirisha mawili ya programu, agizo lenyewe libebe jina la mkulima, na seva, ile kompyuta inayopokea maagizo yote, ihakikishe anayeagiza ana ruhusa. Ukijaribu kazi yako, mwite mwenzako akae kwenye kompyuta nyingine, mbonyeze pamoja.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe usingizi ambao mimi sikuupata, na kazi ya mikono yako isimharibie mtu shamba.