Uduvi Ambao Epifania Hakuwahesabu

Nje ni mchana wa jua kali mjini Kasulu, lakini Epifania Niyongabo anaziba dirisha kwa khanga na kukaa gizani. Anafungua laptopu. Kwenye kioo inatokea sakafu ya bahari: tope la kijivu, jiwe moja, na mwanga wa taa.

Halafu wanakuja uduvi, wale kamba wadogo wadogo. Mwanzo mmoja mmoja, kisha wengi hadi jiwe halionekani. Epifania anawazungushia alama, mmoja baada ya mwingine. Hakuna anayemlipa. Waliokuwa wakimlipa wamemfungia akaunti tangu mwezi uliopita.

Chumba hiki kiko nyuma ya duka la vitenge la Mudathiri, mwenye sola na intaneti ya uhakika. Epifania, mama wa watoto wawili, alizaliwa kijijini Kagerankanda kwa wazazi waliokimbia Burundi. Bahari hajawahi kuiona. Hata Ziwa Tanganyika aliliona mara moja tu, alipokwenda Kigoma kumzika shangazi yake.

Kazi yenyewe ukiieleza sokoni watakucheka. Watafiti wa ng'ambo wamefunga kamera chini kabisa ya bahari, mahali ambapo jua halifiki. Waya mrefu umelazwa kutoka pale hadi nchi kavu, na picha zinaingia mtandaoni mchana na usiku. Kinachotakiwa ni macho ya kusema huyu samaki, huyu kaa, hapa patupu. Kwa miaka miwili macho hayo yalikuwa ya Epifania na wenzake wachache wa Kasulu na Kibondo.

"Mtandao ukiwa mzuri nilipata kama elfu nane kwa siku," anasema. "Kibarua cha kulima ni nusu yake, na mgongo unakufa. Nikasema jembe basi. Shamba nikamwachia kaka yangu."

Aliipenda pia, na hilo halifichi. Pembeni ya lile jiwe palikuwa na pweza jike aliyeatamia mayai. Epifania alimfuatilia kwa miezi, akimwona anavyokonda bila kubanduka pale, na jioni aliwasimulia wanawe habari zake kama za jirani.

Kosa lake atalielewa yeyote aliyekulia huku. Mvua za kwanza zikinyesha, ukiwasha taa kumbikumbi wanajaa ndani. Unawakinga kwa beseni, unawakaanga, asubuhi zimebaki mbawa. Hakuna atakayesema nyumba ile inakaliwa na kumbikumbi. Wamefuata taa, basi.

Epifania alipowaona uduvi wameizingira taa ya kamera, aliwachukulia hivyo hivyo. Aliandika: patupu.

"Maelekezo yalisema niandike wanyama wanaoishi pale," anasema. "Mimi nikajua hawa si wa pale, wameitwa na taa. Sasa ningewaandikaje wageni?"

Masikini, uduvi hao ndio hasa waliokuwa wakitafutwa na watafiti. Alama za Epifania zilipoonyesha wametoweka, huko ng'ambo watu waliingiwa na hofu kwamba bahari ile inakufa. Mmoja wao alipokaa kutazama picha zenyewe, aliwakuta wamejaa tele.

Gharibu, msimamizi wa kundi la Kasulu, alileta habari mwenyewe. Jambo lile aliona haya kulisema kwa simu.

"Mama Aline, wamekufungia," alimwambia.

"Waambie nitarudia zote, bure."

Gharibu aliangalia chini. "Nitawaambia."

Epifania hakungoja jibu. Nakala za picha zilikuwa bado kwenye laptopu, akaanza upya siku ile ile.

"Namwambia apumzike, hanisikii," anasema Mudathiri. "Kodi ya chumba sijamuuliza. Mtu kama amefiwa, utamuuliza nini?"

Wiki hii jibu limekuja. Kazi ya kuweka alama sasa inafanywa na programu ya kompyuta, iliyofundishwa kwa alama za watu kama Epifania. Ila za Epifania hazimo. Zimefutwa zote, kwa kuwa watafiti hawajui tena zipi waziamini.

Epifania aliuliza swali moja tu. "Hata za yule pweza?"

"Hata hizo," Gharibu alimjibu.

Anaposimulia hapo anaacha kuweka alama. Anajipangusa uso kwa kiganja, anatazama kioo. Inaumiza kumwangalia.

Shamba nalo halirudi leo wala kesho. Kaka yake amekwisha kulipanda mihogo. Mawingu yanajikusanya upande wa Kabanga, na Epifania anasema mvua zikianza atashika jembe kwenye mashamba ya watu. Mpango wake ndio huo, hana mwingine.

"Lakini kwanza niwamalize hawa," anasema.

Anaulizwa anawamalizia nani, ikiwa hakuna atakayezipokea alama hizo.

"Walikuwepo," anajibu. "Mimi niliwaona kwa macho yangu, nikaandika hawapo."

Anasogeza kidole, anamzungushia alama uduvi anayefuata.