Kisima Nilichokifukia Nkoma

Nilikwenda kwa sababu ya kiherehere changu. Padri aliuliza kanisani nani ana ufundi wa saruji, aende Tanzania mwaka mmoja na walei wa kujitolea wanaojenga visima Simiyu. Kabla hajamaliza, mkono wangu ulikuwa juu. Nina darasa la nane na mwiko wa plasta, basi. Mama alicheka, "Wewe unayepotea sokoni Voi?" Lakini ndiye aliyenifungia viazi vya njiani.

Asubuhi, mpakani Holili. Afisa alitazama pasi yangu. "Unakwenda kujitolea? Kwenu Wundanyi shida zimekwisha?"

"Hazijaisha, afande. Nimezipa likizo."

Akagonga muhuri huku akicheka, nami nikaona hata serikali imenibariki.

Arusha tuliipita mchana, Singida jua likizama. Kesho yake nikashuka Bariadi. Nchi ni tambarare, na vipande vya pamba vilikuwa vimenasa kwenye miiba kando ya barabara. Nilipokewa na Marta, mhandisi kutoka Polandi, kiongozi wetu. Jioni hiyohiyo tukaenda Nkoma, kijijini nilikopangiwa kukaa kwa mjane mmoja, Mayu Kabula. Mayu ndiyo mama kwao.

"Mwangaluka, mayu," nikasalimia kwa mbwembwe, kama Marta alivyonifundisha garini.

Binti yake, Limi, akaangua kicheko. "Jua linazama wewe unatupa salamu ya asubuhi! Huko Kenya ndiyo kwanza kunakucha?"

Tangu hapo Limi hakunipa nafasi. Kiswahili changu alikiita cha redioni. Lakini kila nilipokoroga saruji alikuwapo na koleo, akisema atakuwa fundi wa kwanza wa kike Nkoma. Nilimwahidi kwamba nikiondoka nitamwachia mwiko wangu.

Mwezi wa kwanza tulimaliza kisima cha pampu ya mkono. Maji yalitoka meupe, kina mama wakapiga vigelegele. Kazi moja ilibaki: kufukia kisima cha zamani mtoni, maana karatasi ya mradi ilisema watu wasirudie maji machafu.

Mto ule kiangazi ni mchanga mtupu. Visima vyao huchimbwa humohumo, mdomo mpana kama uwanja, ukishuka kwa ngazi za udongo mpaka majini, na miiba pembeni kuzuia ng'ombe. Kila mwaka wanawake hukusanyika siku nyingi kuzoa mchanga. Mimi niliona shimo tu. Sisi wa milimani maji hutujia yenyewe.

Mayu Kabula alisimama ukingoni. "Hiki alikichimba mama mkwe wangu. Baba, mtu hachinji ng'ombe anayekamuliwa kwa sababu mtamba wake ana mimba."

"Mayu, pampu ni chuma! Haiugui."

Marta, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha salamu tu, aliniuliza anasema nini. Nikamwambia anashukuru. Ndugu zangu, hilo nalikiri hapa kwa mara ya kwanza. Nilitaka siku ile iwe nzuri. Nikajaza mawe na udongo, nikashindilia huku nikiimba.

Kiangazi kilipokaza, chuma cha ndani ya pampu kilikatika. Kipuri kilikuwa Mwanza. Tuliambiwa kesho, na kesho yake tena kesho. Kufukua mawe niliyoshindilia kungechukua siku nyingi, na watoto walikuwa wanalia kiu. Watu wakachimba mashimo membamba ya harakaharaka mchangani, yanayotosha mtu mmoja na kata.

Siku ya nne, saa nne asubuhi, Limi alishuka katika shimo mojawapo. Nilikuwa juu nikipokea ndoo.

"Mkenya, vuta! Au saruji imekumaliza mikono?"

Nikavuta. Nilipogeuka kuiweka chini nikasikia kishindo kidogo, kama gunia likiwekwa. Shimo halikuwapo. Tulichimba kwa mikono, na kila tulichotoa kilirudi. Tulipomfikia, mdomo wake ulikuwa umejaa mchanga.

Tulimzika kesho yake. Marta alilia akisema karatasi ile ya kufukia kisima aliiandika yeye. Nikamwambia alichosema Mayu siku ile, na kwamba nilikificha. Akaacha kulia, akanitazama.

Kisha nikamwendea Mayu Kabula. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi. Alininyamazisha kwa mkono.

"Wewe ndiye unayejua mawe uliyaweka wapi. Kalete koleo."

Tulifukua siku kumi na moja, kijiji kizima. Alinifundisha kulaza ukingo usiporomoke, kukata ngazi, kusikiliza mchanga kabla ya kushuka. Kipuri kilifika siku ya tisa, lakini hakuna aliyeacha kuchimba. Maji yalipochuruzika, Mayu aliteka kata ya kwanza akaenda kuimwaga kaburini. Ya pili akanipa mimi. Nikanywa yote.

Mwaka ulipoisha nilirudi. Holili nilimkuta afisa yuleyule. "Mtu wa likizo! Umewaachia nini Watanzania?"

Nilizoea kuwa na jibu. Safari hii nilimsogezea pasi tu.

Sasa vijana wa parokia mnaniuliza mbebe nini mkienda. Nendeni, msiogope. Ila mkikuta shimo la mtu, kunyweni maji yake kiangazi kizima kabla ya kuligusa, na mwenye shimo akisema, semeni alichosema. Mwiko msiniulize; nimeuacha Nkoma, juu ya kaburi la fundi.