Mkono Chini ya Sikio

Muuzaji wa duka la mifugo hapa Kiptere alipofungua chupa ya dawa ya kupe, harufu yake kali ilinirudisha zizini kwetu. Kila asubuhi kabla ya kukama, mama alipapasa ng'ombe chini ya masikio akitafuta tezi zilizovimba. Siku moja mkono wake ulisimama kwa ndama wetu wa pekee.

"Baba, huyu ana homa ya kupe," mama alimwita baba. "Ita daktari saa hii!"

Baba alipotoka mbio, mkono uleule, wenye joto na harufu ya dawa, ukaja chini ya sikio langu.

"Na wewe? Haya, uko sawa. Enda shule."

Ndama alipona.

"Shingo inakuuma?" muuzaji ananiuliza.

Kumbe nimeiinamisha, nangoja ule mkono.