Mitaro Yangu na Ng'ombe ya Mama-Mukwe

Wakati Babeleji balikuwa banatutawala, sisi babibi mbili tuliolewa na mutu na mudogo wake, tukapewa kilima moja, kule juu ya Kadutu. Mi na bwana yangu tukapata shamba ya juu, pale inateremuka sawa paa ya nyumba. Mwenzangu, bibi ya ule mudogo, akapata ya chini, karibu na kamuto, pale bote tunachota maji. Nyumba yake pia ilikuwa palepale chini.

Ule mwanamuke nilikuwa namuonea wivu sana. Maharagi yake! Mi napanda, inatoka membamba, ya njano, sawa mutoto wa homa. Yee anatupa mbegu tu, anageuka, maharagi imeshamufika ku magoti. Na ile sauti yake ya asali: "Dada, chukua kidogo upikie batoto, huku kwangu inaoza tu." Inaoza tu! Nilikuwa napika ile maharagi meno imefungana.

Kama ingekuwa maharagi tu, ningevumilia. Lakini kulikuwa ng'ombe. Mama-mukwe wetu alibakia mujane kule Nyangezi, na ng'ombe yake moja ya maziwa. Akatuma neno kwamba anakuja kumalizia uzee kwa mumoja wetu, na ng'ombe yake. Kwetu mwanamuke mwenye ng'ombe mu lupango, mu kiwanja ya nyumba yake, batu bote banamusalimia wa kwanza. Muzee yule meno ilikuwa imekwisha, maneno inapitia mu pua: "Mwana wani, mutoto wangu, nitalala kwa ule Mungu amebariki. Shamba yenyewe itasema."

Shamba itasema! Yangu ilikuwa inakohoa tu.

Ile miaka moniteri wa mashamba, mutu wa serikali, alikuwa anapita ku vilima, kaputula ya pasi, filimbi ku shingo. Anatukusanya, anasukuma mudomo mbele sawa mutu ananywa chai ya moto: "Bamama! Antierosifu! Mvula inapiga mulima, maji inashuka mbio, inabeba udongo, inaangusha nyumba ya chini! Mukate mitaro, mupande majani marefu ya mabingobingo ku kando! Asiyekata, amande, atalipa feza!" Sisi tunaitika, "Ndiyo, moniteri." Akigeuka tu, namufuata nyuma na ule mwendo wake, matako nje, filimbi inaruka ku kifua, bamama banaanguka chini na kucheka. Nani akate mutaro? Mutaro inakula shamba. Na hiyo nyumba ya chini anatulilia, ni ya nani? Si ya ule mwenye maharagi?

Siku moja mvula ilinyesha asubuhi, jua ikatoka, nikashuka kuchota maji. Nikapita mu shamba ya mwenzangu. Naangalia mu mistari ya maharagi yake, naona majivu. Yee hatupi majivu mu shamba, ni mi ndiye natupa, ya jiko yangu. Naangalia tena, naona kipande ya sahani ya maua, ile bwana yangu alipewa kule Muhumba, kwa muzungu alikuwa anamutumikia mu bustani, kisha mutoto akaivunja ku mulango yangu. Nikainama, nikashika udongo. Mweusi, mulaini. Yangu! Kila mvula inaiba kwangu, inapelekea yee. Mi nalima, yee anavuna, kisha ananipa kidogo nipikie batoto!

Sikuchota maji tena. Nikapanda kwangu juu, nikashika jembe. Bwana yangu, mutu wa kukohoa mbele ya kusema, akasimama ku mulango: "Ehem... moniteri amekuogopesha?"

"Moniteri gani? Hakuna udongo itashuka tena kule chini, hata ya kuziba jicho ya kuku!"

Nikakata mutaro juu ya mutaro, nikapanda mabingobingo, mikono ikatoka malengelenge. Moniteri alipofika, karibu alie. Akapiga filimbi, akaita kilima yote. "Bamama, angalieni huyu! Yee amesikia! Mama, baambie sababu."

Nikabaambia: "Bamama, ule wa chini yako anakula udongo yako."

Kila mumoja akageuka, akaangalia jirani wake wa chini. Kesho yake kilima yote ilikuwa jembe tu, puu, puu, kila mwanamuke anakata na hasira. Mwenye alikuwa chini ya mwingine, naye alikuwa juu ya mwingine. Moniteri akazunguka na kifua mbele. Aliwaza ni filimbi yake.

Mama-mukwe akafika kisha, na ng'ombe. Akapumzika kwangu mbele ya kuchagua. Ng'ombe ikafungwa ku mulango yangu, na mi nimeshasafisha kibuyu ya maziwa.

Ndipo ile mvula ikaanguka, mu saa ya mangaribi. Kilima ya ngambo, kule habakukata mitaro, ikapasuka. Tope ikashuka na migomba, na manyumba. Batu bakatoka mbio na batoto ku mugongo. Kwetu tukasimama ku mulango, tunaangalia nyumba ya mwenzangu. Yee na batoto bake balikuwa mule ndani. Nikasahau maharagi, nikamuomba Mungu. Maji ikajaa mu mutaro yangu mupaka ku mudomo, ikasimama, ikaenda polepole ku kando, ku njia ya majiwe. Kule chini haikufika.

Mama-mukwe akapiga makofi. "Mwana wani, umeona? Maji imeogopa ile nyumba! Ni ile Mungu amebariki. Nitashuka kule."

"Mama! Ni mitaro yangu!"

"Mutaro ni shimo, mwana wani. Shimo haibariki mutu."

Asubuhi ng'ombe ikakataa kuruka mutaro. Nani atandike miti juu yake? Mi. Nani asukume ng'ombe matako? Mi, na mukia inanipiga ku uso. Kule chini sauti ya asali: "Dada, polepole, isivunjike muguu!"

Bwana yangu akaangalia ng'ombe inashuka mupaka ikaingia kwa mudogo wake. "Ehem... sasa hiyo mitaro utafukia?"

"Nifukie? Ili udongo nayo ifuate ng'ombe?"

Nikashika jembe, nikatengeneza pale kwato ilibomoa.